Kuumbika na Kuumbuliwa: Mwili wa Mwanamke katika Kiswahili, kutoka Lamu hadi Hurlingham

Kitenzi umba kina uzao mkubwa katika Kiswahili. Humo hutoka umbo, umbile na maumbile, hutoka kiumbe, na hutoka pia jina la Muumba mwenyewe. Katika kauli ya kutendeka kitenzi hicho huwa umbika, na mwanamke asemwaye kuwa ameumbika amepewa sifa kubwa. Katika kauli ya kutendua huwa umbua, na humo hupatikana umbuka. Kumwumbua mtu, kwa maana ya asili, ni kulitia dosari umbo lake au kuzitangaza dosari zake. Kwa maana iliyoenea zaidi leo ni kumwaibisha mbele za watu. Walimu wa sarufi aghalabu hupita hapa haraka, kwa kuwa mfano wa funga na fungua ni mwepesi zaidi kufundishika. Hata hivyo, jozi ya umba na umbua yastahili kutuliwa. Aliyeumbika hana haja ya mtazamaji, maana sifa yake amekaa nayo mwenyewe. Aliyeumbuliwa sharti awe na mtu aliyemwumbua, na sharti wawepo watu wa kushuhudia. Kwa mpango huo wa maneno, Kiswahili kiliiweka aibu ya mwili katika kinywa cha mwenye kusema, tangu zamani ambapo jambo hilo halijawa hoja ya mikutano na maandamano.

Historia ya jozi hiyo ndiyo ifuatwayo hapa, kwa mifano ya Pwani kwanza, kisha ya Nairobi, na hasa ya barabara moja ipitayo katika mtaa wa Hurlingham, ambako mambo mengi ya historia hii yamekutana.

Msamiati wa Kiswahili juu ya umbo la mwanamke ni mpana, na haukujengwa juu ya kipimo kimoja. Mwanya, yaani nafasi ya asili baina ya meno mawili ya mbele, huhesabiwa kuwa uzuri, ilhali kwa daktari wa meno ni jambo la kurekebishwa. Rangi ya maji ya kunde ina sifa yake, na weusi una sifa zake. Mwanamke mrefu hufananishwa na mnazi au mlingoti. Mwembamba kupita kiasi huitwa kimbaumbau. Mkubwa huitwa pande la mtu, na akiwa mtu mzima mwenye heshima zake huitwa jimama, jina liwezalo kuwa sifa au dhihaka kwa kadiri ya sauti ya msemaji. La ajabu zaidi ni usemi mfupi "ana mwili". Maana yake ni kwamba mtu huyo ni mnene. Asiye mnene, kwa mantiki ya usemi huu, hana mwili kabisa.

Kuna pia kunawiri, neno litumikalo kwa mmea na kwa binti sawasawa, na kuwanda, ambalo kusini halisikiki sana. Kinyume chake ni kukonda, na kukonda hakuachwi bila swali: ni nani amkondeshaye? Ni ugonjwa, ni njaa, au ni mume? Mama ampokeaye binti yake kutoka kwa wakwe na kumkuta amenenepa humshukuru mkwe kimoyomoyo. Kwa hiyo "umenenepa" ilikuwa habari ya nyumba nzima kabla haijawa habari ya mwili mmoja.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba zamani zilikuwa pepo ya wanawake. Msamiati wa kusifu ni msamiati wa kuthamini, na kuthamini kuna jamaa yake wa karibu sokoni. Katika soko la watumwa la Unguja, lililofungwa mwaka 1873, wanawake walikaguliwa meno, viungo na vifua kabla ya bei kutajwa. Lugha iliyotumika huko haikuwa ngeni. Ni maneno yale yale ya umbo na afya, ila mwenye mwili hakuwa na neno la kujibu.

Ushairi wa kale nao una pande mbili. Katika tumbuizo zinazohusishwa na Fumo Liyongo, mwanamke husifiwa kiungo baada ya kiungo, kutoka kichwani kushuka miguuni, mtindo ambao washairi wa Kiarabu nao waliujua sana. Ni sifa tamu, lakini ni sifa za mtazamaji. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kumwusia binti yake, ashika njia nyingine. Azungumzapo juu ya mwili, mkazo wake huwa katika usafi, hina, wanja, manukato na vikuku: mambo ambayo mwanamke yeyote aweza kuyafanya kwa mikono yake, awe mrefu au mfupi, mnene au mwembamba. Wasomaji wengi wa siku hizi wameulaumu utendi huu kwa kumfunza mke utiifu, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini katika suala la maumbile Mwana Kupona hamwambii binti yake kwamba mwili wake una kasoro ya kutengenezwa.

Mwishoni mwa karne ya 19 likaingia jambo ambalo wanahistoria wa mavazi wamelieleza vizuri, nalo ni kanga. Baada ya utumwa kupigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamefungiwa katika kaniki na merikani wakaanza kununua doti za kanga, na hatimaye buibui, ili watambulike kuwa watu huru. Mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye biashara yake ilianza 1887 na alama yake ikajulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla", alisaidia sana kueneza kanga zenye maandishi. Jambo moja huwa halisemwi: kanga haina saizi. Kipande kile kile humstiri kimbaumbau na jimama, mwenye mimba na aliyekwisha kujifungua, bibi na mjukuu. Nguo ya kufunga huufuata mwili, na mwanamke aliyeongezeka au kupungua haambiwi na nguo yake kwamba amekosea. Tena kanga iliandikwa maneno, hivyo aliyeumbuliwa barazani aliweza kujibu bila kufungua mdomo.

Mfano mkubwa wa majibu ya namna hiyo ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, akaja mjini akiuza vyungu, akaishia kuwa mwimbaji wa kwanza wa Kiswahili mwenye jina kubwa, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo. Sifa yake ilipovuma, washindani wake walimtungia wimbo wa kumwumbua: walimkumbusha shamba alikotoka, nguo aliyokuwa akivaa, na sura yake ambayo waliona haistahili ukumbi wa masultani. Siti alijibu kwa wimbo. Hakudai kwamba yeye ni mzuri. Alisema kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba si hoja, na kwamba mwenye hasara ni aliyekosa akili. Shaaban Robert, katika wasifu aliomwandikia, aliliona jambo hili kuwa la maana sana. Jibu hilo lina nguvu kwa sababu halikukubali kuingia katika mashindano. Angaliweza kuwatafutia wapinzani wake kasoro zao, na katika taarabu ya Unguja silaha hiyo ilikuwa tayari mkononi, aliiacha chini.

Upande wa pili wa mji huo huo ulikuwako unyago. Humo miili ya wanawake ilifundishwa na wanawake, milango ikiwa imefungwa, kwa ngoma na kwa kiuno. Fatuma binti Baraka, aliyefariki 17 Aprili 2013, aliishi maisha marefu akiwa bingwa wa ngoma hizo pamoja na taarabu. Ulimwengu ulimjua kwa jina la Bi Kidude, na husimuliwa kwamba jina hilo alipewa kwa sababu alizaliwa kadogo mno. Jina la kuumbua, kwa hakika, alilibeba jukwaani miaka na miaka, peku, na sigara mkononi, mpaka kidude kikawa cheo.

Nairobi haikurithi kanga kwa namna hiyo. Mji ulianza 1899 kwa reli, na mitaa ya magharibi ikatengwa kwa Wazungu. Hurlingham ilichukua jina la Kiingereza, lile lile la klabu mashuhuri ya mchezo wa polo iliyoko London, na barabara yake kuu ikaitwa Hurlingham Road. Mwafrika aliyeingia humo aliingia kama mpishi, mtunza bustani au yaya. Mwaka 1954 hospitali ya Wazungu, iitwayo leo Hospitali ya Nairobi, ilifunguliwa pembeni mwa barabara hiyo. Wanawake Waafrika wa mji walikuwa na mahali pao pa kuzalia huko Pumwani, upande wa mashariki, tangu 1926. Jinsi mji ulivyogawanywa, miili nayo iligawanywa, na hata uchungu wa uzazi ulikuwa na mtaa wake.

Pamoja na mitaa hiyo zilikuja nguo za kushonwa zenye namba, na pamoja na nguo zenye namba ukaja mzani. Neno saizi liliingia katika Kiswahili cha kila siku bila vita, na figa ikafuata. Kanuni ya kugawa uzito kwa kipeo cha pili cha urefu ilitokana na hesabu za Mbelgiji Adolphe Quetelet, za miaka ya 1830. Ancel Keys aliipa jina lake la sasa mwaka 1972. Quetelet hakuwa daktari bali mtaalamu wa nyota na takwimu, na alichokitafuta kilikuwa "mtu wa wastani" kutoka katika vipimo vya watu wa Ulaya. Hata hivyo kipimo hicho kiko leo katika kila zahanati ya Kenya. Si haki kukidharau kabisa: uchunguzi wa afya ya jamii wa Kenya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi, na kisukari na shinikizo la damu si maneno ya kudhihaki mtu. Ila daktari asemaye "punguza uzito" na konda wa matatu asemaye neno hilo hilo mbele ya abiria hawasemi jambo moja. Wa kwanza anatibu. Wa pili anaumbua.

Miaka ya 1960 ilileta ugomvi huu katika vitabu. Mwaka 1966 nyumba ya uchapishaji ya mjini Nairobi ilitoa Song of Lawino cha Okot p'Bitek, ambacho baadaye kilifasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Wimbo wa Lawino. Lawino, mke wa kijijini, autetea mwili wake, nywele zake na ngoma zake dhidi ya mume anayemwona mshenzi. Ni utetezi wa kusisimua. Lakini yafaa isemwe kwamba sehemu kubwa ya utetezi huo hupita juu ya mwili wa mwanamke mwingine, Clementine, ambaye midomo yake, poda yake, wembamba wake na kifua chake hudhihakiwa pasipo huruma. Lawino aumbuliwa na Ocol, naye amwumbua Tina. Wahakiki waliojadili utamaduni wa Kiafrika na wa Kizungu katika kitabu hiki wamekuwa wepesi kuusahau mwili huu wa tatu.

Serikali nazo ziliingia. Tanzania, kwa Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU, ilikataza sketi fupi, wigi na krimu za kujichubua kuanzia mwanzo wa 1969. Uganda ya Idi Amin ilitoa amri yake dhidi ya sketi fupi mwaka 1972. Kenya haikufika huko kwa sheria. Magazeti yake yaliendelea kuchapisha matangazo ya krimu za kung'arisha ngozi kama Ambi, mpaka vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vilipopigwa marufuku mwaka 1998. Neno kujichubua, nalo, lina sauti ile ile ya -ua mwishoni: mtu huonekana akijivua kitu ambacho kilikuwa chake.

Kisha ukaja ugonjwa. Mapema miaka ya 1980 watu wa kusini mwa Uganda waliuita maradhi mapya kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, na mwaka 1985 jarida la Lancet likalichapisha jina hilo. Nchini Kenya mgonjwa wa kwanza aliandikishwa 1984. Kukonda, ambako zamani kuliibua swali la upole, sasa kukawa hukumu. Mwanamke aliyepungua kwa kazi, kwa kunyonyesha, au kwa sababu tu ndivyo alivyoumbwa, alipita njiani akihesabiwa siku zake. Wengi wamedai kwamba Waafrika hupenda unene kwa mila. Mila ipo, lakini katika miji ya miaka hiyo unene ulikuwa pia cheti cha afya ambacho hakikuhitaji daktari, na anayeitaja mila bila kuutaja UKIMWI ameisoma nusu ya habari.

Baada ya uhuru barabara ya Hurlingham ilikuwa imekwisha kubadili jina. C.M.G. Argwings-Kodhek, mwanasheria wa kwanza Mwafrika wa Kenya, alifariki humo katika ajali ya gari tarehe 29 Januari 1969, na barabara ikapewa jina lake. Anayetoka Yaya kwa matatu namba 46 kuelekea mjini hupita Hurlingham, huipita Hospitali ya Nairobi, kisha hushuka mlima hadi Uhuru Park. Ni mwendo mfupi, na mwisho wake ndipo mahali ambapo kitenzi vua kilipata historia yake nchini Kenya.

Vaa na vua ni jozi nyingine ya kutendua. Kumvua mtu nguo, hata kwa mfano tu, ni kumwumbua. Lakini katika jamii nyingi za Kenya mama mzee ajivuaye mwenyewe mbele ya wanaume hatendi aibu. Humwachia laana aliyemlazimisha. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Wangari Maathai, walianza kufunga kula katika pembe ya Uhuru Park. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na gesi ya machozi. Baadhi ya wazee hao wakavua nguo zao na kuwaelekea askari, vijana wa umri wa wana wao. Miili hiyo haikuwa miili ya mashindano ya urembo: ilikuwa matumbo yaliyozaa na matiti yaliyonyonyesha, ngozi iliyokunjamana kwa miaka na kwa jembe. Askari waligeuza nyuso. Maathai alipigwa akazimia. Akina mama walihamia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, wakakaa humo karibu mwaka mzima, na mapema 1993 wana wao karibu wote walikuwa wameachiwa. Maathai mwenyewe alifariki 25 Septemba 2011 katika Hospitali ya Nairobi, juu ya mlima huo huo.

Miaka 22 baadaye kitenzi kile kile kilirudi katika kauli ya kutendwa. Mwezi wa Novemba 2014 wanaume katika kituo kimoja cha magari mjini Nairobi walimvua nguo mwanamke kwa madai kwamba amevaa vibaya, na picha zikasambazwa. Kikundi cha akina mama wa Kilimani, kata iliyo jirani kabisa na Hurlingham, kiliitisha maandamano, na tarehe 17 Novemba wanawake walikusanyika Uhuru Park wakatembea hadi katikati ya mji. Walikuwako wenye sketi fupi, wenye buibui, na wenye leso viunoni. Desemba mwaka huo Bunge liliongeza kifungu cha 251A katika Sheria ya Adhabu: anayemvua mwingine nguo kwa nguvu hufungwa si chini ya miaka kumi. Kwa mara ya kwanza sheria ya Kenya ilikuwa imelitaja kosa hili kwa kitendo chake. Ugomvi wa siku hizo ulihusu nguo, lakini waliosikiliza matusi ya kituoni watakumbuka kwamba mapaja na makalio ndiyo yaliyotajwa.

Mambo ya karibuni yanakwenda huku na huku. Tangu 2001 iko katika Hurlingham Hospitali ya Wanawake ya Nairobi, yenye kitengo cha kuwatibu walionyanyaswa kijinsia. Mwaka 2016 Nairobi iliandaa mashindano ya urembo ya watu wenye ualbino, waume kwa wake, na waliokuwa wakifichwa majumbani wakapita jukwaani. Kinyume chake, Februari 2019 waziri mdogo wa utalii wa Uganda, Godfrey Kiwanda, alizindua mashindano ya wanawake wenye maumbo makubwa ili wawe kivutio kwa watalii, na wanawake wa Kampala wakamwuliza kama wao ni wanyama wa mbuga. Aliyeumbika alikuwa amesifiwa, na kwa sifa hiyo hiyo akaumbuliwa; ni tumbuizo la zamani likiimbwa na ofisi ya serikali. Anayeikumbuka habari ya Saartjie Baartman, aliyeonyeshwa London na Paris, akafariki 1815, na mabaki yake kuzikwa Afrika Kusini mwaka 2002 tu, hatalishangaa swali la wanawake wale.

Mwishoni mwa 2024 kliniki moja ya urembo katika Kilimani ilifungwa kwa amri ya baraza la madaktari la Kenya, baada ya mwanamke kufariki kufuatia upasuaji wa kunyonya mafuta mwilini. Maneno yaliyozoeleka mjini kwa kazi ya namna hiyo ni kupunguza, kukata na kuchonga. Ni vitenzi vya seremala. Umba, ambacho katika maana zake za kale ni kitenzi cha mfinyanzi pia, hakimo miongoni mwao.

Siku hizi maandishi ya Nairobi yanayopinga dhihaka za maumbile hutumia virai kama "kuaibisha mwili", vilivyofuata Kiingereza neno kwa neno. Virai hivyo vinaeleweka, lakini humfanya mwili kuwa ndio wenye aibu na humwacha mtenda gizani. Kumwumbua mtu humtaja mtenda na mtendwa kwa neno moja, na limekuwako tangu kabla ya Siti. Watunga kamusi wamezoea kulieleza kwa maana ya kuaibisha kwa jumla na kuiacha nyuma maana ya umbo. Ingefaa maana hiyo irudishwe mahali pa kwanza chini ya kitomeo cha umbua, pamoja na mfano mmoja wa Unguja na mmoja wa Nairobi.